Mjomba, nitajuaje kama betri ya gari hili bado ina nguvu?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Kila siku ya kazi naendesha kilomita 38 kwenda na 38 kurudi, na pesa ya mafuta inanimaliza. Ndiyo maana tangu mwanzo wa mwaka natafuta gari la umeme lililotumika. Nimepata mawili, yote Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24, na hapo ndipo nilipokwama.

La kwanza ni la mwaka 2014. Rangi inang'aa, viti kama havijakaliwa, na limetembea kilomita 41,000 tu. Anayeliuza aliliwasha mbele yangu akanionyesha vile vipande vidogo vya pembeni mwa dashibodi vinavyoonyesha hali ya betri. Vyote 12 vipo. Akaniambia, "Dada, hii betri ni kama mpya, hesabu mwenyewe." Na kweli, chaji ikiwa imejaa, dashibodi iliandika kilomita 148. Nilipomwomba niende nalo hadi kazini kwangu na kurudi akakataa, akasema tuzunguke hapo hapo jirani. Tena akataka niamue siku ileile kwa sababu jioni kuna mtu anakuja na pesa taslimu. Nilimwomba anipe siku mbili, akanung'unika, ila bado ananipigia.

La pili ni la 2015. Lina mikwaruzo mlangoni, kiti cha dereva kimechanika, limetembea kilomita 88,000 na vipande vya betri vimebaki 10. Mwenyewe ni mzee mstaafu. Ana daftari ambalo ameandika kila mara alipochaji gari, tarehe na kilomita. Aliniambia bila kuficha kwamba betri imepungua, na kwamba naweza kulichukua Jumamosi nzima nikalijaribu nitakavyo. Bei yake ni pungufu kidogo tu kuliko lile la kwanza.

Kaka yangu anasema gari la umeme ni sawa na simu, betri ikichoka umebaki na bati. Mume wangu amelipenda lile la vipande 12. Mimi moyo unanivuta kwa yule mzee, lakini naogopa siku moja chaji itaniishia barabarani na watoto wako nyuma. Mimi si fundi. Nitaipimaje betri? Na je, vipande 10 vitanifikisha?

Mpwa wako,
Mama Wawili

*

Marahaba, Mama Wawili.

Kwanza kabisa, usimlipe mtu leo wala kesho. Huyo anayekuja jioni na pesa taslimu mwache aje. Muuzaji anayejua betri yake ni nzima hana sababu ya kukunyima kilomita 76 za kulijaribu gari. Zaidi ya umeme wa usiku mmoja, kitu gani kitampungukia?

Umeuliza kama betri imechoka. Gari la umeme likishakaa barabarani miaka kumi, betri yake imepungua, iwe lilitunzwa na malaika. Ndani ya kila seli, yaani kila kibetri kidogo kinachounda betri kubwa, kuna madini ya lithi yanayosafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine unapochaji na unapoendesha. Kila mwaka sehemu ndogo ya lithi hiyo hunaswa kwenye utando unaojengeka ndani ya seli, na haitoki tena. Joto huharakisha jambo hilo. Kukaa muda mrefu na chaji iliyojaa pomoni huliharakisha pia, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Kwa hiyo zile kilomita 41,000 zisikupumbaze. Kwa injini ya mafuta, kilomita chache ni sifa. Kwa betri, gari lililoegeshwa juani miaka mingi likiwa limejaa chaji linaweza kuwa limechoka kuliko lililofanya kazi kila siku kwa utaratibu. Swali linalokufaa wewe ni hili: imebaki kiasi gani, na kiasi hicho kinatosha safari zako?

Tuje kwenye vile vipande. Watu wengi hudhani kila kipande ni sehemu moja kati ya 12, kumbe sivyo. Kwenye Leaf ya kilowati-saa 24, kipande cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Baada ya hapo kila kipande kinachozimika ni asilimia 6 na kidogo. Maana yake, gari lenye vipande 12 linaweza kuwa na betri ya asilimia 100, na linaweza kuwa na ya asilimia 86, na dashibodi isikuambie tofauti. Lenye vipande 10 liko kati ya asilimia 73 na 79 hivi. Yule mzee amekuonyesha kitu kinacholingana na umri wa gari lake.

Huyu mwingine ndiye anayenipa wasiwasi. Leaf ya 2014 iliyobaki na vipande vyote 12 baada ya zaidi ya miaka kumi si jambo lisilowezekana, lakini lina maelezo machache tu. Labda betri ilibadilishwa, na kama ni hivyo kuna karatasi za kazi hiyo, zenye tarehe na namba ya betri. Mwombe akuonyeshe. Labda liliishi sehemu ya baridi mikononi mwa mtu makini mno. Au labda mtu alichomeka mashine akafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Kompyuta hiyo huhifadhi makisio yake ya uwezo uliobaki. Ukiyafuta huanza upya ikiamini betri ni mpya, na vipande vyote 12 huwaka. Betri yenyewe haijaongezeka hata tone. Gari likiendeshwa wiki kadhaa kompyuta hujifunza ukweli, na vipande vinaanza kuzimika kimoja kimoja mikononi mwa mnunuzi.

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu aliniita nimwangalizie gari la namna hiyo. Nilichuchumaa, nikatazama chini, nikapiga taa, nikahesabu vipande 12, nikamwambia nunua. Haukupita mwezi mmoja na nusu, vipande vikawa tisa. Muuzaji alikuwa ameshabadilisha namba ya simu. Jirani yangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tangu siku ile sipimi betri kwa macho.

Na zile kilomita 148? Hiyo ni kompyuta inakisia, ikitazama jinsi gari lilivyoendeshwa siku za karibuni. Mtu akilizungusha polepole kwenye barabara tambarare, kiyoyozi kimezimwa, kompyuta itadhani na wewe utaendesha hivyohivyo maisha yako yote. Nchini Marekani, Leaf ya 2014 ikiwa mpya kabisa ilipimwa rasmi kuwa na uwezo wa kilomita 135 hivi kwa chaji moja. Gari la zaidi ya miaka kumi linalokuahidi 148 halijapona uzee. Limeendeshwa kwa upole siku tatu nne kabla hujafika.

Sasa kazi yenyewe. Huhitaji ufundi. Unahitaji siku moja, kalamu, na kifaa kidogo cha kupimia umeme, kile kinachochomekwa kati ya soketi ya ukutani na chaja kikaonyesha kilowati-saa zilizopita. Hakikisha kimeandikwa kwamba kinahimili mkondo wa chaja kwa saa nyingi, kwa sababu vingine vya bei rahisi huyeyuka.

Mwombe yule mzee gari lijazwe asilimia 100 usiku wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi, kabla hujaondoka, futa wastani wa matumizi kwenye dashibodi uanze sifuri, na andika kilomita. Kisha endesha safari yako halisi, njia yako ileile unayopita kwenda kazini, mwendo wako uleule, na kiyoyozi ukiwashe kama unavyokiwasha siku zote. Usijaribu kuwa dereva mzuri siku hiyo. Ukirudi, tazama vitu vitatu: umetembea kilomita ngapi, wastani ni kilomita ngapi kwa kila kilowati-saa, na chaji imebaki asilimia ngapi.

Tuseme umetembea 76, wastani ni 6.4, na chaji imebaki asilimia 27. Gawa 76 kwa 6.4, unapata kilowati-saa 11.9. Huo ndio umeme uliotumia. Umetumia asilimia 73 ya chaji, kwa hiyo gawa 11.9 kwa 0.73, unapata 16.3. Hiyo ndiyo betri unayonunua. Gari hili liliandikwa 24 kiwandani, lakini hata likiwa jipya dereva alikuwa anapata kama 21 za kutumia, zinazobaki kompyuta huzificha ili kuilinda betri. Kumi na sita nukta tatu kati ya 21 ni kama asilimia 78. Inalingana na vipande 10. Dashibodi ya mzee inasema kweli.

Usiishie hapo. Endelea kuzunguka karibu na nyumba yake mpaka chaji ishuke chini ya asilimia 10. Najua inatisha, ndiyo maana nimesema uwe karibu na soketi. Betri dhaifu hujificha vizuri juu ya asilimia 50, huko chini ndiko inakoumbuka. Gari zima litashuka taratibu, 12, 11, 10, 9. Gari lenye tatizo litaruka kutoka 17 hadi 8 ukipanda kilima kimoja, au litakuwashia ile taa yenye picha ya kobe na kupunguza nguvu wakati bado unaamini una chaji.

Kisha lichaji kupitia kile kifaa cha kupimia. Kama limetoka asilimia 8 hadi 100, na kifaa kimesoma kilowati-saa 17.6, toa kama asilimia 15 inayopotea kuwa joto njiani, utabaki na 15. Hizo ni kwa asilimia 92 ya betri, kwa hiyo betri nzima ni 16.3. Upotevu unaweza kuwa 10, unaweza kuwa 20, inategemea chaja, kwa hiyo hesabu mbili zikipishana kidogo usihofu. Zikipishana sana, mojawapo inakudanganya na unapaswa kujua ni ipi. Uzuri wa njia hii ni kwamba ukuta haujui kompyuta ya gari inaamini nini. Aliyefuta kumbukumbu ya betri hawezi kulifanya gari linywe umeme lisiloweza kuuhifadhi.

Upande wa pili kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy, ambayo wenye Leaf wengi wanaijua. Unanunua kidude kidogo cha blututhi, unakichomeka kwenye soketi ya OBD iliyo chini ya usukani, ile ambayo mafundi huchomekea mashine ya kukagua gari, na simu inakuonyesha ndani ya betri. Utaona herufi SOH na asilimia mbele yake, yaani afya ya betri kwa mujibu wa kompyuta. Pia utaona gari limechajiwa kwa chaji ya haraka mara ngapi. Kumbuka tu kwamba ile SOH ni imani ya kompyuta ileile inayoweza kufutwa kumbukumbu. Mimi sitazami hiyo kwanza. Natazama seli.

Betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 ina seli 192, zimepangwa katika pea 96 zinazofuatana. Ziwazie kama watu 96 walioshikana mikono kuvuka mto: mmoja akishindwa kusimama, msururu wote unasimama naye, hata wale 95 wawe na nguvu za simba. Gari hufanya hivyohivyo. Pea moja ikifika chini, kompyuta hulizima gari lote ili kuiokoa ile moja.

Niliona jambo hili kwa karibu nikiwa na mwalimu mmoja kijana aliyetaka kununua. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari jioni, simu iko juu ya goti lake, vijiti 96, kimoja kwa kila pea, vimejipanga kwenye kioo kama meno ya kitana. Gari likiwa limesimama, vyote vilikuwa sawa. Chaji ilikuwa asilimia 22. Nikamwambia apande kilima kilichokuwa mbele na akanyage. Alipokanyaga, vijiti vyote vilishuka kidogo kwa pamoja, kisha kimoja upande wa kulia kikazama peke yake, kama mtu aliyekanyaga shimo gizani. Akaachia mguu, kikapanda polepole kujiunga na wenzake. Akakanyaga tena, kikazama tena. Muuzaji alikuwa kiti cha nyuma, hakusema neno. SOH ya gari lile ilisoma asilimia 84.

Kwa hiyo ukitumia programu, usiitazame gari likiwa limetulia tu. Mtu mwingine aendeshe, wewe utazame, na chaji iwe chini ya asilimia 25. Likiwa limetulia, tofauti kati ya pea ya juu kabisa na ya chini kabisa ikiwa milivolti 10 hadi 30 si neno. Ukiona inapita 100 huko chini, na kila mara ni kijiti kilekile kinachozama, umeshapata mgonjwa. Hapo una haki ya kuondoka, au kushusha bei kwa kiasi cha matengenezo kama unamfahamu fundi wa betri za umeme anayeweza kubadilisha moduli yake, yaani kile kisanduku cha seli nne chenye pea hiyo.

Nakusihi hapa kama ninavyomsihi binti yangu: asitokee mtu akakuambia tuifungue betri tuione. Betri hiyo ina karibu volti 400, za aina ambayo ikikushika haikuachii. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari zisiguswe na asiyesomea kazi hiyo. Unachoweza kufanya ni kuinama na tochi ukatazama sehemu ya chini. Betri iko tumboni mwa gari. Tafuta palipobonyea, palipokwaruzwa hadi chuma, au bolti zenye alama mpya za spana. Betri iliyowahi kufunguliwa lazima iwe na maelezo.

Sasa swali lako kubwa, kama vipande 10 vitakufikisha. Tuchukue ile 16.3 niliyoiweka kama mfano, wewe utaweka namba utakayoipata. Siku ya kawaida utatumia 11.9 kwenda na kurudi, utabaki na kilomita 28 hivi mfukoni. Inatosha. Lakini usinunue gari kwa siku ya kawaida, mama. Chukua siku yako mbaya kuliko zote: mvua, taa, kiyoyozi, umechelewa na barabara iko wazi kwa hiyo unakimbia. Mwendo hula betri kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu upepo unaolisukuma gari nyuma hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Siku hiyo wastani unaweza kushuka hadi 5.2. Kilomita 76 zitakula kilowati-saa 14.6, na utafika nyumbani umebakiwa na kilomita karibu tisa. Mwaka huu utafika. Betri ikiendelea kupoteza asilimia mbili hivi ya uwezo wake wa awali kila mwaka, baada ya miaka minne hivi siku kama hiyo itakukuta njiani.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vipande 10 vitakufikisha, lakini kwa muda mfupi kuliko unavyotaka, isipokuwa upate soketi kazini. Na sisemi kituo cha chaji. Soketi ya kawaida ya ukutani yenye volti 230 na ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Saa nne tu, kutoka asubuhi hadi mchana, zitaingiza kwenye betri kama kilowati-saa 7.8, na hiyo inarudisha yote uliyotumia asubuhi hata katika siku ile mbaya. Ukiwa na soketi hiyo, gari la mzee ni gari la miaka mingi. Bila hiyo, litakupa wasiwasi ule ule unaoukimbia, na nisingekushauri ulichukue hata kwa huruma ya daftari lake.

Daftari lenyewe nalipenda sana, usidhani nalibeza. Litazame kwa makini. Kama alikuwa anachaji usiku kwa soketi ya kawaida, hilo ni jema. Kama kurasa zimejaa chaji ya haraka mbili au tatu kwa siku, muulize vizuri. Leaf za miaka hiyo hazina maji ya kupoza betri kama magari mengine mengi ya umeme, joto likiingia halitoki upesi. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba vipande vinazimika baada ya muda mfupi tu, kwa sababu ya joto la jangwa, na mwaka uliofuata Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri: vipande visishuke chini ya tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000. Dhamana hiyo kwa magari yako haya imeshapita, nakutajia ujue tu kwamba joto si hadithi. Ukilinunua, liegeshe kivulini, na usiliache limejaa asilimia 100 siku nzima bila sababu. Lijaze karibu na muda wa kuondoka.

Mengine ni madogo ila yafanye. Jaribu tundu la chaji ya haraka hata mara moja, kwa sababu linaweza kuwa limekufa na usijue kwa miezi. Muulize ile betri ndogo ya volti 12 ilibadilishwa lini. Ikichoka, gari hujaa taa za ajabu ajabu na watu hudhani betri kubwa imekufa, kumbe ni hiyo ndogo.

Wasomaji wengine wanaotafuta magari ya aina nyingine, hesabu ya kilomita na kilowati-saa ni ileile, badilisha namba tu. Tesla nyingi zina kipimo cha afya ya betri ndani ya gari lenyewe, nacho huimaliza chaji karibu yote kisha huijaza tena, kwa hiyo hutaka muda mrefu. Kwa Chevrolet Bolt na Hyundai Kona za miaka ya karibu na 2020, tafuteni kwa namba ya chasi kama betri ilishughulikiwa, kwa sababu magari hayo yaliitwa kiwandani kwa hatari ya moto. Na magari mengi mapya kiasi yana dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000, mara nyingi kwa ahadi ya asilimia 70. Ulizeni kama dhamana hiyo inamfuata mnunuzi wa pili na kama inatambuliwa huko mliko.

Kaka yako mwambie simu na gari havifanani hapo. Betri ya simu ikichoka ni seli moja, inatupwa. Hii ina moduli 48 zinazobadilishika moja moja, na hata ikishindwa kuendesha gari bado ina kazi. Kule Amsterdam, uwanja wa mpira wa Johan Cruijff Arena tangu 2018 unahifadhi umeme wake kwenye betri za Leaf, baadhi mpya na baadhi zilizotoka kwenye magari. Mume wako naye simlaumu, gari la kwanza linapendeza. Mpe nafasi ya haki: mpigie muuzaji, mwambie utalinunua kama atakuruhusu kufanya jaribio lilelile la kilomita 76 na kulichaji kwa kifaa chako. Akikubali na namba ikatoka 18 au zaidi, nitafurahi nanyi, lichukueni. Akikataa, mumeo asikie kwa masikio yake mwenyewe, weka simu kwa sauti kubwa.

Jumatatu, kabla hujaenda kwa mzee, muulize mkuu wako wa kazi kuhusu soketi. Mwambie ni kilowati-saa tisa kwa siku na kwamba uko tayari kulipia. Halafu niandikie majibu matatu: amesema nini, kilomita ngapi kwa kilowati-saa, na chaji ilibaki asilimia ngapi uliporudi. Hesabu nitakufanyia mimi.

Mjomba wako